Shajara ya mradi: tunatafuta kazi ya shuruti ndani ya kampuni yetu ya usafi

Kampuni yetu ni ndogo. Tuna wafanyakazi 41 wa kudumu, deiwaka (vibarua wa siku) 12 hadi 18 kutegemea mwezi, na ofisi ya vyumba viwili Sinza, Dar es Salaam. Tunafanya usafi wa maofisi na bustani maeneo ya Posta, Masaki na Mikocheni. Mimi niko upande wa uendeshaji, dada yangu anashika mahesabu. Naandika kwa ajili ya wenzetu wa saizi hii walioanza kuletewa fomu za "utumwa wa kisasa" na wateja wakubwa na hawajui waanzie wapi. Nitaongeza kila hatua inapoisha. Palipokwenda vizuri nitapita mbio.

12 Februari 2024: Fomu

Mteja wetu mkubwa, mwenye makao makuu Uingereza, ametuletea fomu ya maswali 64. Chanzo ni sheria yao ya utumwa wa kisasa ya mwaka 2015. Kifungu cha 54 kinaidai kila kampuni yenye mapato ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi itoe taarifa kila mwaka ya hatua ilizochukua kuzuia utumwa kwake na kwa wanaoiuzia bidhaa na huduma. Sisi kiwango hicho hatukioti hata ndotoni, lakini mteja anabanwa na sheria, naye anatubana sisi.

Nilijaza kwa dakika 40. Mnashikilia vitambulisho vya wafanyakazi? Hapana. Kuna aliyetoa hela ili apate kazi? Hapana. Dada akasoma kabla sijatuma, akauliza, "Umemuuliza nani?"

Kisha akavuta droo ya chini ya kabati la mafaili. Mlikuwa na vitambulisho saba vya taifa (NIDA). Tulivichukua ili kuandikisha watu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), vingine tangu Septemba, vikasahauliwa humo. Mmoja wa wenyewe alikuwa ameshakuja mara mbili kukiulizia chake, akaambiwa mwenye ufunguo katoka.

Vyote vimerudi kwa wenyewe leo hii. Bodaboda Sh 14,000. Fomu sijaituma, tumeomba muda hadi mwisho wa Juni.

26 Februari: Orodha

Kwanza tulitaka kujua tunachotafuta. Kwa sheria za hapa nyumbani hakuna utata: ibara ya 25 ya Katiba inakataza kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano, kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaifanya kosa, na ipo sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Shirika la Kazi Duniani (ILO) nalo limeorodhesha dalili 11. Tulichagua nne ambazo mtu wa mahesabu anaweza kuziona kwenye karatasi: hati za mtu kushikiliwa, mshahara kucheleweshwa au kuzuiwa, deni, na saa za kazi zilizopita kiasi. Vitisho na udanganyifu havina risiti, tukaviacha kwa baadaye.

(ILO na wenzake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 28 hivi duniani walikuwa kwenye kazi za kulazimishwa. Niliibandika namba hiyo ukutani kwa wiki moja, nikaitoa. Haikunionyesha pa kwenda kesho yake asubuhi.)

Kosa letu lilikuwa kupanga wazabuni kwa ukubwa wa malipo. Tulichukua miamala ya miezi 12, tukapata majina 63, juu kabisa ulinzi, sabuni, vifaa. Mtu anayetuletea deiwaka hakuwemo kabisa. Hana ankara wala mkataba, na analipwa kupitia hela ndogondogo zilizoandikwa "usafiri". Tukaandika orodha ya pili kwa swali moja tu: nani anatuletea mtu? Yalitoka majina manne: kampuni ya ulinzi, fundi wa vioo vya ghorofani, dalali mmoja wa Manzese, na wasimamizi wetu wenyewe wa zamu.

Orodha ya pili ndiyo ilitakiwa kuwa ya kwanza. Mimi bado nilianza na ile ndefu.

18 Machi: Glavu, sare, fagio

Wiki tatu zimekwenda hapa. Boksi la glavu limeandikwa Malaysia, na habari za huko ziko hadharani. Julai 2020 Marekani ilizuia glavu za Top Glove, mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani, kwa tuhuma za kazi ya shuruti. Zuio liliondolewa Septemba 2021, baada ya kampuni kurekebisha mambo, ikiwemo kuwarudishia wafanyakazi wa kigeni ada walizokuwa wamewapa mawakala. Wengi walitoka nchi kama Bangladesh na Nepal, wakaingia kiwandani tayari wana deni.

Muagizaji wetu wa Kariakoo alicheka mpaka akakaa. "Bosi, unachukua katoni tatu kwa mwezi, unataka nimpigie Mmalaysia simu?" Niliwaandikia watengenezaji wa boksi letu. Kimya. Sasa tunanunua chapa moja tu yenye namba ya toleo, ili likitangazwa jambo tujue kama linatuhusu. Imetuongezea Sh 18,000 kwa mwezi.

Sare anashona fundi cherehani wa Sinza, vijana wake wawili nawajua, analipa kila Jumamosi. Fagio za chelewa tunanunua Temeke. Nilikwenda hadi Mkuranga zinakotoka, nikakuta akina mama wanachonga vijiti na watoto wao wakifunga mafungu baada ya shule. Dada aliniuliza kama nimeandika "ajira ya watoto". Sikuandika. Mtoto anayemsaidia mamaye saa moja jioni, madaftari yakiwa pembeni, sikumwona kuwa ndiye ninayemtafuta.

Kilichonibaki kutoka kwenye glavu ni umbo la ile shida: mtu anauziwa kazi kabla hajaifanya, halafu anaifanya ili amalize kuilipia.

22 Aprili: Lindo

Chini ya mkataba wetu na mteja kuna kampuni ya ulinzi yenye walinzi 9 kwenye malindo matatu. Niliwapelekea fomu ileile. Ilirudi kesho yake, "hapana" mstari kwa mstari, kama yangu ya Februari.

Basi nikasoma ratiba. Imebandikwa ukutani kwenye kibanda cha mlinzi, nimeipita kwa miaka mitatu. Zamu ya saa 12, siku sita. Hizo ni saa 72 kwa wiki. Sheria inataka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ziada isizidi saa 50 kwa kipindi cha wiki nne. Hapa ziada ni 27 kwa wiki, yaani 108 kwa wiki nne. Hati ya mshahara haina mstari wa ziada hata mmoja.

Usiku wa tarehe 17 nilipita lindo la Mikocheni. Mlinzi alinipisha benchi, tukaongea mpira kwanza. Kisha akaniambia cheti chake cha kidato cha nne kiko ofisini kwao tangu aajiriwe, dhamana ya sare na kirungu, na kwamba akiacha kazi kabla ya miaka miwili anadaiwa Sh 150,000 za mafunzo. "Sijafungwa, bosi. Ila bila cheti naenda wapi?"

Asubuhi yake niliiandikia kampuni barua pepe kali. Nilieleza habari ya cheti, nikataja kuwa nimeambiwa na "mmoja wa walinzi wa usiku Mikocheni".

13 Mei: Nilichoharibu

Walinzi wa usiku Mikocheni ni wawili, wanapokezana. Siku mbili baada ya barua yangu wote walikuwa wameondolewa. Mmoja alihamishiwa Kigamboni, mwingine aliambiwa abaki nyumbani. Aliyeachishwa hakuwa yule aliyeongea na mimi. Huyo wa pili hata hatujawahi kuongea zaidi ya salamu.

Kumpata kulichukua siku 16, kwa sababu namba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya lindo, siyo yake. Hapa wenzangu zingatieni tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Ikipita hapo unaanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu maalumu. Dada alikwenda naye, wakajaza fomu namba 1 siku ya 19. Tulilipa nauli zake na posho ya siku alizohudhuria, jumla Sh 96,000, na nikaandika kwa mkono wangu kuwa barua ile ilikuwa yangu na yeye hakuniambia chochote.

Utaratibu tuliouandika siku hiyo ni huu. Hatuulizi habari ya lindo moja. Tunaomba kumbukumbu za malindo yote kwa pamoja. Tunaongea na watu wote 9, maswali yaleyale, nje ya lindo, kila mmoja kwa namba yake binafsi. Barua ya kwanza kwa mzabuni inataka hati zote zirudishwe kwa wenyewe, bila kueleza tumejuaje. Na mkataba una kifungu kipya: mlinzi akiondolewa kwenye lindo letu, tunapewa sababu kwa maandishi kabla, siyo baada.

(Nyongeza, Juni: walisuluhishwa kabla ya kufika kwenye uamuzi. Amelipwa walichokubaliana, cheti anacho, kazini hakutaka kurudi. Vyeti vya walinzi wetu wote vimerudishwa. Yule wa Kigamboni hapokei simu yangu, na simlaumu.)

Kuhusu saa: ili kazi ileile ifanyike bila kuvunja sheria wanahitajika walinzi 12, siyo 9. Watatu zaidi ni Sh 1,140,000 kwa mwezi. Tumekubaliana nusu kwa nusu na kampuni ya ulinzi, kuanzia Julai.

10 Juni: Deiwaka

Deiwaka ni yule anayeziba pengo mtu akiugua au akiwa likizo. Tunawalipa Sh 12,000 kwa siku, kwa simu. Dada alipanga malipo ya miezi sita kwa namba ya simu badala ya jina, zikatokea namba tatu zinazopokea hela za watu zaidi ya mmoja.

Nilitaka kuwaita wote watatu. Dada akanizuia, na alikuwa sahihi. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Asiye na namba hiyo anatumia laini ya mtu. Namba ya kwanza ilikuwa ya mama anayepokelea mabinti zake wawili. Ya pili ni ya mume na mke. Ya tatu ni ya msimamizi wetu wa zamu ya Posta, na ilipokea za watu wanne.

Hakuficha. Alikuwa akiwapa Sh 10,000 mkononi, 2,000 "ya vocha na ya kuwaita". Msimamizi aliyemtangulia naye alikuwa akimkata vivyo hivyo alipokuwa deiwaka. Na huyo wa kabla tulimpa zawadi ya jiko la gesi alipoondoka.

Wawili kati ya wale wanne, mabinti wa miaka 19 na 20, waliletwa kutoka Singida na dalali wa Manzese. Kila mmoja anadaiwa Sh 180,000: nauli, chakula cha siku za mwanzo, na "ya kutafutiwa". Wanalala kwake kwa Sh 2,000 kwa usiku. Vitambulisho anavyo yeye. Dada aliandika hesabu nyuma ya bahasha: siku nne za kazi kwa wiki ni 40,000, kitanda 14,000, deni 20,000, zinabaki 6,000 za kula na nauli ya daladala wiki nzima. Umbo ni lile la glavu, na sisi ndiyo kiwanda.

Kosa la pili kubwa la mradi huu nililifanya kesho yake. Nilibandika tangazo: anayeletwa na dalali hapewi kazi. Ndani ya wiki deiwaka wanne hawakuonekana, wakiwemo mabinti wale. Deni lilikuwa palepale, ila sasa hawakuwa na pa kupata hela ya kulilipa. Tangazo nimelibandua baada ya siku tisa. Mmoja tulimkuta anauza maji kwenye foleni za Ubungo, akampeleka dada kwa mwenzake.

21 Juni: Ofisi ya serikali ya mtaa

Tulibishana usiku mzima kama tumlipe dalali tumalizane. Dada alisema tukilipa tumenunua watu wawili, na wiki ijayo ataleta wanne. Hatukulipa. Tulimwita mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto akiwepo.

"Mama, mimi nimewasaidia watoto wa watu," alimwambia dada, na nadhani aliamini anachosema. Mwenyekiti alimsomea sheria ya 2008 polepole. Vitambulisho viliwekwa mezani. Deni likashushwa mpaka kwenye nauli ya basi aliyoitoa kweli, na mabinti wenyewe wakasema hiyo watarudisha. Dada hakuipenda hata hiyo.

Usiku huo walirudi kulala kwa dalali. Hatukuwa tumefikiria kitanda.

12 Julai: Fomu, mara ya pili

Tuliituma 28 Juni. Safari hii "ndiyo" zilikuwa tatu: hati kushikiliwa, kulipia kazi, saa kuzidi. Kila moja ikiwa na maelezo ya tulichofanya. Tarehe 9 mfumo wa mteja ukatugeuza rangi nyekundu, hatari kubwa, na ankara ya Juni ikasimamishwa.

Kwenye kikao cha video, ofisa wao, mstaarabu sana, alisema wazabuni wengine wote wa usafi kwenye orodha yao ni wa kijani. Nilimuuliza wangapi wamefungua droo. Dada akanikanyaga mguu chini ya meza, akaonyesha karatasi yake. Mkataba unasema tulipwe ndani ya siku 45. Wastani wa miezi 12 ni siku 71. Ndiyo maana mishahara yetu ya tarehe 28 hutoka tarehe 9 au 10. Na ndiyo maana wafanyakazi wetu sita kadi zao za benki, pamoja na namba za siri, ziko kwa wakopeshaji wa kausha damu, ambao huchukua mshahara kabla mwenyewe hajauona. Hilo tulilijua kwa kuuliza kwa nini watu sita wameomba siku moja kubadilishiwa akaunti.

Ofisa alinyamaza, akasema atalipeleka makao makuu.

19 Agosti: Chumba

Kilichowarudisha mabinti kwa dalali ni kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, mwema miezi mitatu, na msichana mgeni mjini hana. Tumetenga Sh 1,500,000 ya kukopesha kodi bila riba: miezi mitatu kwa chumba cha Sh 40,000, marejesho Sh 10,000 kwa mwezi.

Tulijishtukia mapema: sasa anayewadai ni sisi. Mkataba tuliandika upya mara tatu. Toleo la mwisho linasema mtu akiacha kazi, kilichobaki kinafutwa papo hapo, hakikatwi kwenye mshahara wa mwisho wala hakifuatwi. Rafiki yetu mhasibu alisema tumechanganyikiwa. Wa kwanza kuondoka aliondoka wiki ya tano na Sh 110,000 zetu, akaenda kufanya kazi saluni Mbezi. Dada alizifuta kwa kalamu nyekundu, akasema angalau huyu kaondoka kwa miguu yake.

Tumeacha pia kuwakata wapya Sh 45,000 za sare. Nilikuwa nimezizoea kiasi kwamba sikuziweka hata kwenye orodha ya mambo ya kuangalia.

30 Septemba: Siku 30

Makao makuu ya mteja yamekubali kutulipa ndani ya siku 30. Bei hawajaongeza hata senti. Septemba mishahara imetoka tarehe 28, mara ya kwanza tangu 2021. Watatu kati ya wale sita wamemaliza deni na kadi zao wanazo; wengine watatu wameshakopa tena.

Kwa gharama mpya tulipandisha bei kwa mteja mwingine wa Masaki, akachukua kampuni ya bei nafuu. Sh 2,300,000 kwa mwezi zimekwenda. Watu wake watano tumewahamishia sehemu nyingine, nao wamepunguza mahitaji ya deiwaka.

17 Februari 2025: Mwaka mmoja

Ukiacha mkataba uliopotea, nusu yetu ya walinzi ndiyo kubwa: Sh 570,000 kila mwezi. Mfuko wa kodi umetoa mikopo tisa, miwili imefutwa. Msimamizi wa Posta alishushwa cheo, anawarejeshea deiwaka Sh 20,000 kwa mwezi, na amebaki kazini. Kuna waliotaka afukuzwe. Niliona tukimfukuza yeye, tungepaswa kujieleza kuhusu jiko la gesi.

Namba ya malalamiko tuliyoweka Novemba imepokea ujumbe 23. Kumi na tisa ni "mshahara lini". Mbili ni za glavu kuchanika. Moja ni ya deiwaka mpya aliyeombwa "ya soda" na mlinzi wa mapokezi kwa mteja, mtu ambaye hayumo kwenye orodha yetu yoyote. Moja ilikosewa namba.

Mteja ametuweka rangi ya njano.

Kwenye orodha ya pili amebaki mmoja ambaye hatujamfikia: fundi wa vioo vya ghorofani, mwenye vijana sita wanaoning'inia kwa kamba. Nimempigia leo kumwomba tupange siku ya kuonana nao, mmoja mmoja, nje ya kazi. Amesema hakuna haja ya kusumbuka, nimtumie tu fomu, jioni hii itakuwa imejazwa.